Radiata ndogo ya hita: dereva wa Kisangani anauziwa nini?

Magari mengi yanayozunguka Makiso, Mangobo na Kabondo yalitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoijua theluji. Yalitumika Japani au Ulaya kwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa tena, na nyuma ya dashibodi yake kuna kifaa ambacho mwenye gari wa Kisangani anaweza kukaa miaka bila kukumbuka kwamba kipo: radiata ndogo ya hita, ile inayopokea maji ya moto ya injini ili kuwapasha joto waliomo ndani. Mji huu uko nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta. Nani atawasha hita?

Kifaa hicho hukumbukwa siku kinapotoboka. Zulia lililo chini ya miguu linalowa, kioo cha mbele kinapata ukungu unaoteleza kama mafuta, harufu tamu inajaa ndani ya gari, na maji ya radiata kubwa yanapungua kila asubuhi ingawa hakuna tone linaloonekana chini ya injini. Hapo ndipo mwenye gari anapokwenda kutafuta piese sokoni, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Piese yenyewe ni ndogo, haizidi sana ukubwa wa kitabu kinene. Kazi ya kuifikia ndiyo kubwa. Katika aina nyingi za magari dashibodi nzima hulazimika kushuka: usukani, redio, nyaya, mabomba ya hewa. Betri lazima ifunguliwe kwanza na kuachwa kwa muda, kwa sababu mifuko ya hewa ya usalama inaweza kulipuka usoni mwa anayechokonoa nyaya zake. Maji yote ya injini yamwagwe, injini ikiwa imepoa kabisa. Kwa anayefanya kazi hiyo nyumbani kwa mara ya kwanza, hiyo ni siku nzima, pengine mbili, na kama ni gari la teksi, ni siku mbili bila mapato.

Kwa hiyo bei iliyoandikwa kwenye boksi inadanganya. Anayenunua kifaa cha bei ya chini kisha kikavuja baada ya miezi mitatu, hapotezi bei ya kifaa peke yake. Anashusha dashibodi mara ya pili, na vishikizo vyake vya plastiki, ambavyo kwenye gari la zamani hukatika kwa kuguswa tu, mara hii havitarudi mahali pake.

Isisemwe hata hivyo kwamba kila piese isiyo na nembo ya mtengenezaji wa gari ni mbaya. Madai hayo huwafaidi wauzaji wa bei za juu. Denso ya Japani huwatengenezea Toyota vifaa vingi, na hiyohiyo huuza vipuri kwa jina lake yenyewe. Valeo ya Ufaransa na Nissens ya Denmark nazo zina soko la aina hiyo duniani kote. Piese kama hizo si za kiwanda cha gari, lakini zina mtu anayejulikana nyuma yake. Tatizo ni vitu viwili vingine vinavyochanganywa nazo kwenye rafu moja: piese isiyo na jina lolote, na piese yenye jina la kuibiwa. Kwa macho, vyote vitatu vinafanana. Muuzaji ndiye anayejua tofauti, au angalau anajua alichonunua na kwa bei gani, na ni yeye asiyesema.

Safari ya piese hadi Kisangani inasaidia kuficha ukweli huo. Mzigo mmoja hupanda mto kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, ukiwa umeingilia Matadi. Mwingine hutoka Mombasa, ukapita Uganda, ukavuka mpaka Kasindi, ukapitia Butembo na Beni, kisha ukafuata barabara ya taifa namba 4 kuvuka msitu. Njiani boksi hubadilisha mikono mara nyingi. Likifika dukani halina karatasi, na mteja hapewi risiti inayotaja zaidi ya neno "radiata" na kiasi cha fedha.

Ofisi ya Udhibiti ya Congo, OCC, imekuwepo tangu 1974 kwa kazi ya kukagua ubora na wingi wa bidhaa zinazoingia nchini. Sukari, mchele na saruji ni rahisi kuvipima. Vipuri vinavyosafiri ndani ya magunia na mabegi ni shida zaidi, hilo linaeleweka. Lakini maduka ya piese ya Kisangani hayakujificha. Yako mitaani, milango wazi. Mkaguzi anayetaka kujua kinachouzwa anaweza kwenda kwa miguu.

Kuna jambo ambalo halihitaji mkaguzi wala maabara. Beseni la maji na pampu ya baiskeli, vitu ambavyo haviwezi kukosekana katika mji wa toleka, vinatosha kuijaribu radiata ndogo kabla haijalipiwa: mdomo mmoja uzibwe, mwingine upuliziwe hewa polepole, kifaa kikiwa kimezama. Kikitoa mapovu, kirudi kwenye boksi. Jaribio hilo halionyeshi kama kifaa kitadumu, ila linaonyesha kama tayari kimekufa. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika tano amekwisha kujibu swali.

Mafundi wengi wana jibu jingine, nalo ni la busara kuliko linavyosifiwa: kuachana na hita kabisa. Mipira miwili inayopeleka maji kwenye hita inaungwa kwa kipande kimoja cha mpira au bomba, gari linaendelea na safari. Kwa Kisangani hilo mara nyingi ndilo jibu sahihi, mradi mipira iungwe na isizibwe kila mmoja peke yake, kwani kwenye injini kadhaa maji yanayopita hapo husaidia mzunguko kabla valvu ya joto haijafunguka. Hasara zipo. Mvua ikipiga na kioo kikaingia ukungu, hewa ya moto ndiyo inayokikausha, hasa kwenye gari ambalo hewa baridi yake ilikufa zamani. Na dereva mzoefu anajua kwamba injini ikianza kuchemka mlimani, kuwasha hita hadi mwisho huipunguzia joto kidogo, maana ni radiata ya pili. Mteja aelezwe hayo kisha achague. Kuunga mipira kimyakimya na kumtoza mtu bei ya kubadilisha hita ni wizi.

Linalobaki ni maji. Imani iliyoenea ni kwamba maji ya rangi, ya kijani au mekundu, ni ya nchi za barafu, kwa hiyo hapa mtu ajaze ya bomba au ya mtoni. Imani hiyo inaua radiata nyingi kuliko vipuri bandia. Dawa iliyomo huzuia kutu na kuongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemkia. Radiata za zamani zilikuwa za shaba, na fundi wa mtaani aliweza kuzichomelea kwa risasi. Za siku hizi ni za alumini, hazikubali risasi hiyo, na maji matupu huzitafuna kutoka ndani. Anayefunga kifaa kipya kisha akamwaga maji ya mto Tshopo juu yake ameanza kuhesabu siku za kukitoa tena. Unga na mayai ya kuziba matundu navyo huziba kwanza vile vijibomba vyembamba vya hita, kisha vya radiata kubwa.

Yote haya yangekuwa habari ya zulia lililolowa kama magari hayo yasingetoka mjini. Lakini yanatoka. Gari linalopoteza maji kidogokidogo bila dereva kujua linaweza kufika salama likiwa linazunguka Makiso tu. Likipakia watu kuelekea Bafwasende, zaidi ya kilomita 200 mashariki, gasketi ya kichwa cha injini huungua katikati ya msitu, na abiria wenye watoto hulala hapo.

Chama cha madereva, ACCO, kina sauti ya kutosha mbele ya wauzaji kudai vitu viwili bila kusubiri Kinshasa: risiti inayotaja mtengenezaji wa piese, au inayokiri waziwazi kwamba hajulikani, na muda wa kurudisha kifaa kinachovuja. OCC ya Tshopo ianze na rafu za radiata. Na mafundi wanaomwaga maji ya zamani ya injini kwenye mitaro waache leo, kwa kuwa ni sumu yenye ladha tamu, na mbuzi, mbwa na watoto hawajui kusoma lebo.