Mlima wa Chuma Uliodondoka Kutoka Angani

Sinema ya Marekani iitwayo Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilianza kuonyeshwa duniani mwezi Februari 2018, na mapato yake yakapita dola bilioni 1.3. Mjini Kisumu, nchini Kenya, ilizinduliwa kwa shangwe, kwa kuwa mmoja wa waigizaji wake wakuu, Lupita Nyong'o, ana asili ya huko. Katika nyanda za juu za Kigoma mambo yalikuwa ya kimya zaidi. Kibondo na Kasulu sinema za namna hii huwafikia watu kwa njia yake yenyewe: katika banda la video, ambamo watazamaji hubanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, au katika simu ya mkononi inayozungukwa na vichwa vitano au sita.

Aghalabu nakala inayotazamwa huwa imekwisha kupita mikononi mwa mtafsiri, ambaye sauti yake ya Kiswahili imewekwa juu ya sauti za waigizaji. Kazi hiyo ilipata umaarufu nchini Tanzania kutokana na watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Mtafsiri wa aina hii hafasiri maneno tu. Hueleza, hutania, huwapa wahusika sababu ambazo mwandishi hakuwapa, na penye ufa katika hadithi hupaka udongo wake mwenyewe.

Nyufa katika hadithi hii si haba. Inasimuliwa kwamba zamani za kale kimondo kikubwa cha madini yaitwayo vibraniamu kilianguka barani Afrika, na kwamba watu walioishi mahali hapo, katika nchi ya kubuni ya Wakanda, Afrika Mashariki, wakaitumia hazina hiyo kujenga taifa lililoyapita mataifa yote kwa ufundi. Kisha wakajificha nyuma ya pazia la picha za uwongo, dunia ikawadhania kuwa wachungaji maskini.

Watazamaji wa Afrika Mashariki waliiona mara moja kasoro ya lugha. Watu wa Wakanda husema Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini. Sababu yake ni nyepesi: John Kani, aliyeigiza mfalme mzee katika sinema iliyotangulia ya mwaka 2016, ni msemaji wa Kixhosa, na lugha yake ikabaki. Lakini kwa Muha wa Kasulu jambo hilo halipiti hivi hivi. Yeye akivuka mpaka kuingia Burundi husema Kiha chake na kueleweka, na Mrundi aliyekimbilia kambi ya Nduta au Nyarugusu hahitaji mkalimani sokoni. Anajua kwa masikio yake kwamba lugha hubadilika kidogo kidogo kadiri mtu anavyosafiri. Kutoka Kasulu hadi nchi ya Waxhosa ni kilometa zipatazo 3,000. Neno umuntu la Kiha ni ndugu wa umntu la Kixhosa, naam, lakini zile sauti za kudoa ulimi hazisikiki Buha. Hapa Tanzania mtu azitakaye hana budi kwenda kwa Wasandawe na Wahadza.

Kasoro ya pili iliyozua mabishano ni ya utawala: taifa lenye maarifa makubwa kuliko yote humpata mfalme wake kwa kupigana mwereka kwenye maporomoko ya maji. Hilo nalo lilichekwa kwa haki.

Jambo la kushangaza ni kwamba mabishano huishia hapo. Kasoro za kifizikia, ambazo ni kubwa kuliko hizo mbili, hupita bila kuulizwa, hata na mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye juma lililopita tu aliiandika kanuni ya uhifadhi wa nishati na kupata vema. Si kwamba hajui. Ujuzi wake wa lugha anatembea nao. Ujuzi wake wa fizikia umebaki darasani, ndani ya daftari. Na hapana ajabu, kwani daftari hilo limeandikwa kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, hali mabishano ya bandani huendeshwa kwa Kiswahili na Kiha. Mtu hugundua uwongo kwa urahisi zaidi katika lugha anayobishania.

Wako walimu wanaosema kwamba sinema hizi zinapotosha vijana na kwamba dawa yake ni kuzikataza. Wako wengine wanaosema kwamba hadithi ni hadithi, wala haifai kuipima kwa rula. Wote wawili wanamnyima mwanafunzi zoezi zuri. Mtunzi ana haki ya kudai jambo moja lisilokuwapo, na vibraniamu ndiyo dai lake. Msomaji au mtazamaji hulipokea kama vile apokeavyo sungura asemaye. Lakini dai likishapokewa lina matokeo, na matokeo huhesabiwa kwa hesabu ya kawaida.

Na tuanze na huo mlima wa madini. Tanzania ina kimondo chake cha kweli, Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe. Urefu wake ni kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani zipatazo 16. Sehemu yake kubwa, takriban asilimia 90, ni chuma, na iliyobaki karibu yote ni nikeli. Kipande cha ukubwa huo hupunguzwa mwendo na hewa kabla ya kugusa ardhi, ndiyo maana kinaweza kutua kikiwa kizima. Kimondo kikubwa sana hakisaidiwi na hewa. Hufika ardhini na karibu mwendo wake wote wa angani, ambao huweza kuwa kilometa 15 kwa sekunde au zaidi. Mwanafunzi azidishe nusu kwa tungamo kwa kasi ya pili: kila kilo ya kimondo hicho inabeba jouli zaidi ya milioni 110, yaani zaidi ya mara 25 ya nishati iliyomo katika kilo moja ya baruti ya TNT. Kitu chenye nishati hiyo hakitui. Hulipuka, na sehemu yake kubwa huyeyuka au kugeuka mvuke.

Kuna mtu halisi aliyepata hasara kwa kutoliona jambo hili. Huko Arizona, Marekani, kuna shimo lenye upana wa kilometa 1.2 na kina cha meta 170 hivi, lililochimbwa na kimondo yapata miaka 50,000 iliyopita. Mhandisi Daniel Barringer aliamini, kama waamini watunzi wa sinema, kwamba chini ya shimo kubwa lazima pawe na bonge kubwa la chuma. Tangu mwaka 1903 alitoboa na kuchimba kwa miaka mingi. Alikuwa sahihi kabisa kwamba shimo ni la kimondo wala si la volkeno, na wakati ule wataalamu wengi walimpinga. Bonge hakulipata. Mwaka 1929 hesabu za mwanaastronomia Moulton zilionyesha kwamba kimondo kilikuwa kidogo kuliko ilivyodhaniwa na kwamba sehemu kubwa ya chuma ilikwisha potea katika mlipuko. Barringer alifariki mwishoni mwa mwaka huo huo.

Mtetezi wa sinema anaweza kusimama hapa na kusema kwamba vibraniamu si chuma: sifa yake ni kunyonya nishati, kwa hiyo ililinyonya pigo lake yenyewe na kubaki nzima. Hili ni jibu la akili, na mwalimu atakayelisikia afurahi. Ila sasa deni limehamia mahali pengine. Nishati iliyonyonywa haikupotea. Imo mlimani tangu siku ile, jouli milioni 110 na ushei katika kila kilo, na watu wa Wakanda wanachimba humo kwa mashine na kupitisha magari ya moshi. Mtunzi hasemi lolote juu ya hatari hiyo.

Vazi la shujaa nalo lina mkasa wake. Linasharabu kila pigo, hulihifadhi, kisha hulirudisha kwa adui kwa kishindo cha zambarau. Tuseme lori la tani 10 linakuja kwa kilometa 36 kwa saa katika barabara ya Kasulu na Kibondo. Nishati yake ni jouli 500,000. Kiasi hicho kinasikika kuwa kikubwa, lakini ni joto la kuchemshia takriban lita moja na nusu ya maji ya bombani, birika moja la chai. (Katika mwinuko wa Kasulu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo ni afadhali kidogo.) Kuhifadhi nishati ya birika moja katika vazi si dai la kutisha. Lisilowezekana ni jingine. Mbali ya nishati, lori lina momenta, ambayo ni tungamo mara kasi, na momenta haiwekwi mfukoni. Mtu wa kilo 70 akikumbwa na lori hilo, avae vazi asivae, ataondoka nalo kwa karibu meta 10 kwa sekunde, na kwa muda mfupi mno. Moyo, ini na ubongo wake vitavutwa ndani ya mwili kwa nguvu ile ile. Risasi haina kasoro hii: ni nyepesi kiasi kwamba momenta yake humsukuma mtu kidogo tu. Kwa hiyo katika suala la risasi sinema inastahili kusamehewa.

Kuhusu kujificha, eneo lenyewe linatoa mfano. Kaskazini ya Kibondo, ukiipita Kakonko, iko Ngara, na katika wilaya hiyo kuna nikeli ya Kabanga, iliyoanza kuchunguzwa katika miaka ya 1970. Nikeli hiyo haikuanguka kutoka angani. Ilipanda kutoka chini ikiwa ndani ya uji wa moto wa mawe, yapata miaka bilioni 1.4 iliyopita, na mtu apitaye juu yake haoni ila nyasi na migomba. Macho hayakutosha kuipata, na wachunguzi wa madini hawategemei macho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilipita juu ya Tanzania zikipima usumaku wa miamba, na hakuna pazia la picha linaloweza kuuzuia usumaku.

Mtazamaji wa Kibondo anaweza kujibu kwamba pengine vibraniamu haina usumaku. Inawezekana. Lakini ina tungamo, na kila chenye tungamo huvuta. Kuanzia mwaka 2002 hadi 2017 setilaiti mbili za GRACE, moja ikiifuata nyingine, ziliizunguka dunia zikipima mvutano wake kwa namna ambayo hata kupungua kwa maji ya ziwa kulionekana katika hesabu zake. Mlima mzima wa madini mageni ungezivuta zilipopita juu, mwezi baada ya mwezi, na mtetezi wa sinema atalazimika kutafuta jibu jingine.