Kipimo cha Januari hakitoshi

Kupima waifai wakati wa baridi, katika kambi za karavani za pwani zilizo mbali na miji kule Cornwall, Uingereza, kuna faida moja kubwa: mitambo hujaribiwa na upepo wa Atlantiki na chumvi inayokula viungio vya antena. Lakini kasi inayosomwa Januari haimhakikishii chochote mgeni wa Agosti.

Januari wageni ni wachache na miti mingi imepukutisha majani, hivyo mawimbi hupita kwa urahisi. Agosti majani yenye maji huyafyonza, na simu nyingi hugombea njia ile ile. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini hujaa upesi. Ya gigahezi 5 yana kasi, ila hufifia mapema. Kuta za alumini za karavani huyadhoofisha yote mawili.

Pwani ya Cornwall inaijua vyema adha ya hali ya hewa. Septemba 1901 dhoruba iliangusha milingoti ya redio ya mvumbuzi Guglielmo Marconi huko Poldhu. Baadaye akatangaza kwamba Desemba 12 alipokea huko Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, mawimbi yaliyorushwa kutoka Poldhu.

Wenye kambi wapime tena Agosti, jioni, ndani ya karavani, kisha wawaonyeshe wateja matokeo ya misimu yote miwili kabla hawajalipa.