Nyumba bora Dzaleka: tatizo si matofali, ni ruhusa

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha ya sokoni. Kwa hesabu ya kawaida hilo ni soko kubwa la vifaa vya ujenzi. Hata hivyo, nyumba nyingi bado ni za matofali ya udongo mbichi, na kila msimu wa mvua kuna kuta zinazoanguka.

Sababu ya kwanza ni bei. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Kila kinacholipiwa kwa dola, iwe bati, nondo au dizeli ya lori, kilibeba ongezeko hilo la asilimia 44 kabla ya kufika dukani.

Kwa upande wa kuta, dawa ipo ndani ya nchi. Kampuni ya 14Trees, iliyoanzishwa mwaka 2016 na LafargeHolcim ya Uswisi na CDC ya Uingereza, imeuza Malawi matofali ya Durabric. Hayo ni udongo, mchanga na saruji kidogo, hushindiliwa bila kuchomwa kwa kuni. Saruji nayo hutengenezwa Kasungu, wilaya ya jirani. Fundi akiwa wa Dowa, fedha inabaki Dowa. Tofauti na hapo, shule iliyochapwa kwa mashine Salima mwaka 2021 ilisimamisha kuta kwa saa 18, lakini mashine ilitoka Denmark na kazi ya mwashi ikapungua.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Sheria za Malawi zinamtaka mkimbizi aishi kambini, na ardhi ya kambi si yake. Machi 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakamata. Wenye maduka Lilongwe walipoteza mitaji. Kambi ikazidi kujaa. Mtu asiye na uhakika wa kubaki hawezi kuweka msingi wa zege.

Kwa wasafirishaji wanaopitia Kasumulu, somo ni hili: vitu vizito kama tofali na saruji havilipi nauli ya kutoka Mbeya au Dar es Salaam, viachiwe wenyeji. Faida iko kwenye bati, misumari, bawaba na vitasa. Lakini mkopo wa bidhaa kwa mteja wa Dzaleka upimwe kwa ruhusa yake ya kukaa na kufanya biashara, maana hiyo ikiondoka, deni nalo linaondoka.