DUKA LETU SODA LINAYO, BANDEJI HALINA

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita nilisimama kusema jambo hili nikaambiwa nikae, muda umekwisha. Nilikaa. Sasa naliandika hapa ukutani, kila mtu alisome kwa nafasi yake akija kupima mahindi.

Kijana wa jirani yangu alijikata mguu kwa panga akipalilia shamba. Damu ikatoka nyingi. Mimi nikakimbilia dukani kwetu, duka la ushirika ambalo nina hisa zangu humo, nikaomba bandeji. Hakuna. Pamba? Hakuna. Plasta je, hata ile ndogo? Hakuna, mzee wangu, pole sana. Mwishowe nikanunua kanga mpya, tukaichana. Ilifanya kazi, sikatai, lakini kwa bei ya kanga ile ningepata bandeji za kaya nzima.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya muuzaji kreti za soda zimepangwa hadi darini. Biskuti zipo, sigara zipo, vocha za simu zipo. Na chini ya meza lipo kopo, nanyi mnalijua kopo lenyewe, la vile vidonge vya rangi mbili. Muuzaji akanishauri nifungue kimoja nimwage unga wake kwenye jeraha. Hapo ndipo nilipokasirika. Duka letu kitu cha halali halina, kitu cha haramu linacho!

Simlaumu muuzaji. Yeye anauza alicholetewa. Ninailaumu kamati ya duka, na sisi wanachama tunaopitisha hesabu kila mwaka kwa kupiga makofi.

Tuanze na kopo. Unga wa kidonge haufungi damu wala hausafishi jeraha. Unagandamana na uchafu, na kidonda kinaoza chini yake. Vidonge vyenyewe ni dawa ya kuua vijidudu vya maradhi, inayotakiwa kutolewa kwa kipimo na kumalizwa dozi. Ukimeza viwili leo kwa homa, kimoja kesho kwa mafua, vijidudu vinazoea, na siku unapougua kweli dawa haikusaidii. Tena vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake vikakaa koponi, nani anajua vilikwisha muda lini? Dawa za namna hiyo mahali pake ni famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali cha Baraza la Famasi. Hayo maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, kwa sababu maduka ya dawa baridi yalikuwa yakiuza hata yasiyoruhusiwa, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo. Ndiyo kusema serikali iliuona ubaya huu zamani, na sisi bado tunauficha chini ya meza.

Bandeji ni kitu kingine. Bandeji si dawa. Pamba, shashi, plasta, mipira ya mikono, pini, pedi za akina mama, hivi havihitaji msomi wa kuvitoa. Aliyejikata anatakiwa abanwe jeraha kwa kitambaa safi, abanwe kwa nguvu bila kufunuliwa kila dakika kutazama, kisha afungwe apelekwe kituoni akashonwe na kupata sindano ya pepopunda. Huku kwetu kati ya Handeni na Korogwe mtu hakosi jembe, panga au mwiba wa mkonge, na wakata mkonge wanajua ninachosema. Hata hivyo mpaka leo tunatia majivu na mafuta ya taa kwenye jeraha, na mtoto akiungua uji tunampaka dawa ya meno badala ya kumwagia maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Aibu gani hii!

Najua majibu yenu. Wa kwanza atasema zahanati ipo. Ipo, ndiyo, na wahudumu wake wanajitahidi. Lakini zahanati haiko nyumbani kwako saa tano usiku, na kutoka hapa hadi hospitali ya Magunga pale Korogwe, au hadi Handeni mjini, lazima kwanza umpate mwenye bodaboda aliye macho. Damu haingoji bodaboda.

Wa pili atasema sisi ni wachuuzi, si madaktari. Mbona hatukusema hivyo wakati wa hati punguzo? Kuanzia mwaka 2004 mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo kwenye duka la kawaida, akapunguziwa bei ya chandarua. Mpango ule ulikwisha mwaka 2014. Miaka yote hiyo mwenye duka alikuwa kiungo cha afya ya kijiji na hakuna aliyemdai cheti cha udaktari.

Wa tatu, na huyu ndiye mkubwa, atasema haziuziki, zinafunga mtaji. Ati mtaji! Pakiti moja ya bandeji inafunga mtaji kuliko kreti za soda? Wazee wanakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, walanguzi walipofungiwa na vijiji vikaambiwa viendeshe maduka yake. Rafu zilikuwa tupu, tukipanga foleni ya sabuni na chumvi. Lakini siku zile vitu vyenyewe havikuwapo. Leo bandeji zimejaa Korogwe, na gari letu linaleta soda kutoka huko huko. Utupu wa leo tumeuchagua wenyewe.

Wazee hao hao walikaa katika vikundi mwaka 1973 wakisikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja daktari awachimbie.

Tena vingine tunavyo bila kujua. Mtoto akiharisha, sukari na chumvi zimo dukani, na chupa ya maji ya lita moja imo. Maji lita moja yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Msizidishe chumvi, inadhuru. Anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati kupata pakiti zenyewe na vidonge vya zinki. Maneno haya yangebandikwa mlangoni pa duka, pale lilipo tangazo la sigara.

Ninachodai ni hiki. Kopo liondolewe wiki hii, lipelekwe zahanati waliharibu wanavyojua wao. Safari ijayo ya gari, kreti mbili za soda zipungue, fedha yake inunue bandeji, pamba, shashi, plasta na mipira ya mikono. Na binti wa hapa kijijini mwenye mafunzo ya uuguzi ambaye yuko nyumbani bila kazi, chama kimlipie kozi ya muuza dawa, ili baadaye tuombe kibali cha duka la dawa muhimu, tuuze dawa mchana kweupe.

Anayeniunga mkono aweke jina lake kwenye karatasi niliyoipigilia hapa chini. Kalamu imefungwa kwa kamba, msiichukue. Katibu amekubali kuipeleka kwenye mkutano mkuu, nami nitakuja na kipande cha ile kanga.

Mwanachama mwenzenu,
Mkulima wa mahindi