Mabehewa ya Lubunga si vyuma vya kuuza kwa kilo

Siku nilipozungumuza hewani juu ya treni ya Kisangani–Ubundu, musikilizaji mumoja alipiga simu: «Papa mwandishi, yale mabehewa ya zamani yauzwe kwa kilo, tununue muchele. Treni mbovu hailiwi.» Tulicheka wote studio. Lakini mwenye njaa akiuza jembe lake leo, kesho atalima na nini?

Tukumbushane hii reli ni nini. Kati ya Ubundu na Kisangani, boti haziwezi kupita muto Congo sababu ya maporomoko ya Boyoma, yote saba. Ndiyo maana kampuni ya CFL ilijenga reli ya kilometa 125, iliyofunguliwa mwaka wa 1906. Muzigo unashuka kwenye boti kule Ubundu, unapanda treni, unafika Lubunga, kisha unavuka muto. Treni ikilala, muzigo unasukumwa juu ya baiskeli, katikati ya pori, na kijana anayemaliza nguvu zake njiani.

Kuna jambo ambalo watu wa kilo hawalijui. Reli yetu ni nyembamba: kati ya chuma na chuma kuna mita moja tu. Reli ya Kindu na ile ya Kalemie zilijengwa vilevile, lakini katika miaka ya 1950 zilipanuliwa hadi milimita 1 067. Yetu ilibaki kama ilivyo. Tofauti hiyo haifiki hata upana wa vidole vinne, lakini inatosha: behewa la Kindu haliwezi kutembea hapa bila kubadilishiwa magurudumu. Kwa hiyo asije mutu kutuambia: «Tukate haya, tutaleta mengine toka Kindu.»

Kwingine watu walifanya nini? Kule Wales, mwaka wa 1951, reli ya Talyllyn, nyembamba kuliko yetu, ilikuwa karibu kufa. Watu wa kawaida walijitolea kuiendesha bila mushahara, na mpaka leo treni yake inatembea. Kule Pennsylvania, Marekani, reli ya East Broad Top ilifungwa mwaka wa 1956. Aliyeinunua, Nick Kovalchick, alikuwa mufanyabiashara wa vyuma chakavu, mutu wa kilo kabisa! Lakini hakuikata. Mwaka wa 1960 kipande chake kilianza kubeba watalii. Baadaye wakaja wenye kujitolea: wanatoa mbao zilizooza, wanachonga mupya kwa kipimo cha zile za zamani, wanagonga kutu, wanapaka rangi. Hiyo si kazi ya uchawi. Maseremala wetu na mafundi wetu wa kuchomea vyuma wanaiweza.

Wengine watasema: «Ni mali ya wakoloni, acheni ioze.» Hapana. Faida ilikuwa ya wakoloni, lakini mikono iliyobeba vile vyuma katika pori ilikuwa ya babu zetu. Na historia ya reli hii haikuishia kwa Wabelgiji. Tarehe 4 Mei 1997, treni iliyobeba wakimbizi wa Rwanda toka Biaro ilifika na watu zaidi ya 90 wamekufa ndani ya mabehewa, kwa kukosa hewa na kubanana. Muji unaokata mabehewa yake bila hata kuandika namba zao unakata pia ushahidi wake. Nani anafurahi tukisahau? Mujiulize.

Kuna wanaoogopa kwamba kujitolea ni kurudisha salongo. Salongo ya Mobutu ilikuwa lazima. Asiyetokea aliona taabu. Mimi naongea juu ya mutu anayekuja kwa mapenzi yake na kurudi nyumbani amejifunza kitu. Tena nisieleweke vibaya: wenye kujitolea hawatajenga madaraja wala kulipa mishahara ya wafanyakazi wa reli. Hiyo ni deni ya serikali, na kiongozi asije kujificha nyuma ya jasho la vijana. Lakini kungojea serikali huku mvua inakula chuma, hiyo pia ni namna ya kuua.

Naomba mambo matatu tu. Kwanza, kila behewa na kila chombo cha atelie kiandikwe kwenye liste, na liste ibandikwe ukutani raia waisome. Pili, kisikatwe wala kuuzwa kitu chochote kabla ya kutangazwa kwa redio. Tatu, siku moja kwa wiki mulango ufunguliwe, wazee wastaafu wa reli wakae na vijana, behewa moja liezekwe, likaushwe, lipakwe mafuta. Moja tu kwa kuanza. Wazee hao wanajua breki ile inafungwa namna gani, na kila mwaka tunazika baadhi yao pamoja na kile wanachojua.

Na wewe uliyepiga simu, ndugu yangu, sikukasirikia. Pesa ya kilo itanunua muchele wa wiki moja. Lakini muchele huo, kama umetoka upande wa Ubundu, utafika hapa namna gani?