Muvi imeisha, mtoto je?

Pale Igalula, kituo cha reli mashariki ya mji wa Tabora, yupo mkulima mmoja wa tumbaku ambaye kwa muvi hana mpinzani. Jioni akirudi shambani anawasha runinga yake ya umeme wa jua, na cha kutazama anachagua yeye. Muvi isiyo na mapigano haimkai moyoni. Za kulialia, husema, ni za mkewe.

Majuzi walitazama mbili. Ya kwanza ilikuwa Black Panther ya mwaka 2018, ambayo Lupita Nyong'o wa Kenya ameigiza ndani yake. Baba alisifu ndege, mavazi, na ufalme wa Wakanda unaojificha dunia isiuone. Mkewe alingoja mpaka mwisho.

"Baba watoto, wewe unaangalia ngumi," alisema. "Hii ni kesi ya mtoto wa marehemu."

Akaeleza. Mfalme T'Chaka anamuua ndugu yake kule Oakland, Marekani, kisha anarudi kwao na kumwacha mtoto wa ndugu huyo, ili siri isitoke. Mtoto anakua na kinyongo, anakuwa Killmonger, anarudi kudai kiti. "Angeletwa nyumbani akala sahani moja na T'Challa, vita ingetoka wapi?"

Baba alibisha. Yatima ni wengi, na si wote wanaokuwa wauaji. Mkewe alikubali. "Lakini kosa la mzee yule lingebaki kosa hata kama mtoto angekuwa malaika."

Kesho yake ilikuwa zamu ya mama. Aliweka Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anatoroka. Baba alilalamika kwamba inakwenda polepole, watu wanatazamana tu. Ila Yasmin alipopata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, aliuliza kwa sauti: "Sasa ndugu zake wako wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mdogo wake mwenyewe alifariki akaacha mtoto wa kiume huko Urambo, na mtoto huyo analelewa na jirani asiye na undugu nao. Msibani baba alisema, "Tutamchukua tukishauza tumbaku." Tangu hapo tumbaku imeuzwa misimu miwili.

Asubuhi alimuuliza mkewe kama kitanda cha watoto kinaweza kulaza watatu.

"Wakibanana," alijibu. Naye alikuwa na hofu zake, maana kupika na kufua ni juu yake, na unga wa watu sita unakuwa wa saba. Akamwambia wazi: gunia moja zaidi la mahindi libaki ndani, lisiuzwe. Baba akakubali, ndipo akapiga simu Urambo.

Shule zikifungwa mtoto anakuja. Zimebaki sare na barua ya uhamisho, na jirani yule anastahili kwenda kushukuriwa ana kwa ana, si kwa simu.

Msomaji, muvi ikiisha nyumbani kwako usikimbilie kuzima. Waulize watoto ni nani ameachwa katika hadithi ile. Ila jiandae, wanaweza kumtaja mtu mnayemfahamu.