Kirongozi Huanza Kuijua Nchi Yake



Leo tunazungumza na wazazi wa Bondeni, na kwa kupitia kwao, na wazazi wote wenye kijana aliyemaliza shule ambaye jioni moja, vyombo vikiisha kuondolewa, hutamka kwamba anataka kusomea kazi ya kuongoza watalii. Aghalabu jibu analolipata ni kicheko. Baba huuliza: "Niuze mpunga ili wewe ukajifunze kutembea?" Mama hunyamaza, kwa kuwa naye anaogopa simba, tembo na njia za mbali. Kijana huondoka mezani na fundo moyoni. Yafaa jambo hili tulitazame kwa utulivu, kabla gunia la mpunga au la kakao halijauzwa, na pia kabla kijana hajakatazwa.

Tuanze na heshima ya kazi yenyewe. Neno safari, ambalo leo hutumika katika lugha nyingi za ulimwengu bila kufasiriwa, lilikwenda huko kutoka katika Kiswahili. Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kwenda kwenye maziwa makuu, mtu aliyetangulia mbele aliitwa kirongozi. Yeye ndiye aliyejua maji yalipo, aliyezungumza na wenye nchi, na aliyeamua kambi ipigwe wapi. Akikosea njia, walioumia ni wote waliomfuata.

Bondeni kwenyewe kuna kumbukumbu ya kazi hiyo. Mwezi wa Mei mwaka 1879 msafara wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza uliondoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi wa Juni. Aliyebaki kushika nafasi yake, Joseph Thomson, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa ameongoza msafara wowote katika Afrika. Hata hivyo, mwezi wa Septemba msafara huo ulifika salama ziwani. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa mtoto. Huyu ndiye aliyeshirikiana na Abdullah Susi na wenzao kuubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Vitabu viliandikwa kwa jina la Thomson, lakini ujuzi wa kuongoza watu na kupatana na wenyeji ulikuwa wa Chuma. Mzee wangu, je, huyo alikuwa mtu wa kutembea tu?

Sasa tuulize kazi hiyo hufunzwaje. Katika nchi ya Zimbabwe, inayosifika kwa ukali wa mitihani yake, mwanafunzi hufanya kwanza mtihani wa kuandika, akapata leseni ya mwanagenzi. Kisha hutumikia kwa miaka kadhaa chini ya kiongozi mwenye leseni kamili, akijifunza tabia za wanyama, huduma ya kwanza, na shabaha ya bunduki, kabla hajakabidhiwa wageni wa kutembea nao kwa miguu kati ya nyati na tembo. Kwetu Tanzania tunacho Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na tunacho Chuo cha Taifa cha Utalii. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye kuongoza watalii awe na leseni. Kwa hiyo mwenye kuokota wageni kituo cha basi na kuwapeleka asikokujua anavunja sheria, tena anacheza na roho za watu.

Lakini, ndugu msomaji, kuna somo ambalo chuo hakiwezi kulitoa peke yake. Huko Afrika ya Kusini, mwaka 1994, Louis Liebenberg alianzisha mtihani wa kusoma nyayo unaofanyika porini. Mtahini huonyesha alama iliyo mchangani, na mtahiniwa hueleza ni mnyama gani, na alikuwa akifanya nini. Kwa njia hiyo wafuatiliaji nyayo hodari ambao hawakujua kusoma wala kuandika walipata vyeti kwa ujuzi waliorithi kwa wazee wao.

Na kwetu pia, elimu ya wazee imekwisha kuwashangaza wataalamu. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima mmoja mwenye haya aitwaye kipunji. Wengine waliweza kudhani ni hadithi tu. Mwaka 2003 watafiti hao wakamwona, na mwaka 2005 wakamtangaza kwa ulimwengu kuwa ni kima ambaye sayansi haikuwa na habari zake. Jina lake la kitaalamu limebeba neno lile lile la wawindaji.

Basi kijana wa Bondeni anayetaka kazi hii aanze masomo leo, bila ada. Amwulize babu yake kwa nini samaki aitwaye mbasa hupanda mito kutoka ziwani wakati wa mvua, naye ataelezwa kuwa huenda kutaga mayai, na kwamba anayeziba mdomo wa mto kwa nyavu anavua samaki wa mwaka kesho. Awaulize akina mama wa Kikisi, wanaofinyanga vyungu Ikombe, udongo hutoka wapi na chungu huchomwaje. Wingu jeusi likiinuka juu ya maji kama moshi, ajue kwamba ni wadudu wadogo kwa mamilioni, ambao upande wa Malawi huitwa kungu, hukusanywa na kutengenezwa mikate ya kuliwa. Ajue kwamba ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo popote. Ajue pia kwamba huko juu, nyuma ya milima inayoonekana kutoka Matema, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Haya yote ayaandike katika daftari, kwa majina ya Kinyakyusa, ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Hata hivyo, kujua majina hakutoshi. Kirongozi wa kweli hutambulikana siku anapokataa. Mgeni amelipa, mtumbwi upo tayari, naye anataka kuvuka leo hii wakati upepo wa kusini umekwisha kuchafua ziwa. Au anataka kuoga kwenye mdomo wa mto, na mwenyeji anafahamu kwamba mamba wapo. Kijana asiyefunzwa huitazama fedha. Aliyefunzwa husema, "Hapana, bwana, leo hatuendi," akaeleza sababu kwa adabu, na kama ni lazima akarudisha fedha. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe anaifaa kazi hii asitazame Kiingereza chake kwanza. Atazame kama anaweza kusema kweli pale ambapo uongo unalipa.

Ni haki pia tuseme yaliyo magumu. Ajira nyingi za kazi hii ziko kaskazini, upande wa Arusha. Ni kazi ya misimu, na ipo miezi ambayo kiongozi hukaa bila wageni. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka ya nchi nyingi, viongozi wengi walirudi mashambani. Kijana asiidharau, basi, jembe ya baba yake. Shamba la mpunga litamlisha katika miezi ya ukame wa wageni.

Kwa hiyo, baba na mama, msicheke wala msikimbilie kuuza. Mpeni kijana msimu mmoja wa kujaza daftari lake. Akiliacha baada ya wiki mbili, mmeokoa mpunga wenu. Akilijaza, nendeni pamoja naye mkaulize kama chuo anachokitaka kimesajiliwa na serikali, ada yote ni kiasi gani, na mafunzo ya vitendo hufanyika wapi. Fedha lipeni chuoni na mdai stakabadhi. Msimpe mtu wa katikati. Na binti akiomba apewe daftari lile lile, kwani anayejua njia za kuni, visima na mimea ya dawa ameanza masomo zamani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona ikiwa anayempokea mgeni ni mtoto wa hapa, mwenye leseni mfukoni na nchi yake kichwani.